Usikubali utu uzima ukunyang'anye mastaajabu ya utotoni

JE, msomaji, mara ya mwisho uliposimama ukautazama mwezi ilikuwa lini? Si kuuona kwa bahati ukiwa unashuka kwenye matatu, bali kuutazama hasa, kama ulivyofanya ulipokuwa na umri wa miaka sita na kuamini kwamba unakufuata hadi nyumbani?

Wengi wakiulizwa swali hili hucheka kwanza, kisha hunyamaza. Jioni ya Septemba 7, 2025, mwezi ulipatwa kikamilifu na kugeuka mwekundu kwa zaidi ya saa moja, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizobahatika kuliona tukio hilo. Halikuhitaji kiingilio wala miwani. Palipokuwa hapana mawingu, ilitosha kufungua mlango na kuinua shingo. Hata hivyo, katika ploti nyingi za mijini waliotoka mbio ni watoto. Wazazi wao walibaki ndani wakimalizia chakula, wakihesabu nauli ya kesho au wakitazama picha za mwezi huo huo kwenye simu zao.

Hapana shaka utu uzima una mizigo yake. Kuna kodi ya nyumba, karo, mkopo wa chama, mzee anayeugua nyumbani na mkubwa wa kazi asiyeridhika. Mtu akishakuwa na mizigo hiyo, kushangaa huonekana kuwa mambo ya watoto, na kutumaini huonekana kuwa ni kujidanganya. Mtu mzima, twaambiwa, ni yule asiyebabaishwa na lolote.

Lakini wataalamu wa saikolojia na tiba wana maoni tofauti. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya karibuni unaonyesha kwamba uwezo wa kustaajabu na uwezo wa kutumaini, vitu viwili ambavyo mtoto huzaliwa navyo tele, una uhusiano na afya ya akili na hata ya mwili. Anayevipoteza kabisa hajakomaa zaidi ya wengine. Yamkini amepungukiwa na kitu ambacho mwili wake bado unakihitaji.

Ubongo huzoea

Kwanza tuelewe ni kwa nini mastaajabu hutoweka. Mtoto hushangaa kwa sababu ulimwengu wote kwake ni mpya. Hajui kwa nini kumbikumbi huruka baada ya mvua, kwa nini upinde wa mvua haushikiki, wala maji ya mfereji yanatoka wapi. Kila siku humletea jambo ambalo hakulitarajia, na ubongo wake unaokua kwa kasi hulinasa. Afikapo umri wa miaka sita, ubongo wa mtoto huwa umeshafikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima.

Ubongo wa mtu mzima una kazi nyingine. Kwa kuwa umeshaona mengi, unajaribu kupunguza gharama. Hubashiri kitakachotokea, na mambo yakienda kama yalivyobashiriwa, hauyatilii maanani. Ndiyo maana unaweza kusafiri kutoka Githurai hadi katikati ya jiji kila asubuhi kwa miaka 10 na ukashindwa kutaja rangi ya maua ya miti iliyo kando ya barabara. Macho yaliyaona, ubongo ukayapitisha.

Kuzoea huku si ugonjwa. Bila uwezo huo tungeshindwa kuvuka barabara kwa kushangaa kila gari. Tatizo huja pale mazoea yanapotawala kila kitu, mtu akaishi mwaka mzima bila jambo hata moja lililomsimamisha. Mwanasaikolojia wa Marekani, William James, aliandika mwaka 1890 kwamba miaka ya utoto huonekana mirefu kwa sababu imejaa mambo mapya, ilhali ya uzeeni hupita mbio kwa kuwa siku zinafanana. Ukijikuta unasema kila Desemba, "Mwaka huu umeenda wapi?", basi unalijua jambo hilo vizuri.

Udadisi nao una kazi yake. Uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha California, Davis, na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba mtu akiwa na hamu ya kujua jibu la swali, sehemu za ubongo zinazohusika na kutuzwa na zile zinazohusika na kumbukumbu huamka pamoja. La kushangaza ni kwamba mtu huyo hukumbuka vizuri zaidi si jibu hilo tu, bali hata mambo mengine aliyoyaona wakati ule alipokuwa akilisubiri. Kwa ufupi, mwenye kuuliza maswali hujifunza hata lile ambalo hakuliuliza.

Matembezi ya dakika 15

Kwa miaka mingi wanasaikolojia walichunguza zaidi hofu, hasira na huzuni. Kustaajabu kulianza kupewa uzito mwaka 2003, wakati Dacher Keltner na Jonathan Haidt wa Marekani walipochapisha makala kueleza hisia hiyo ni nini. Walisema ina mambo mawili. Mtu hukutana na kitu kikubwa kumliko, kiwe mlima, bahari, wimbo au tendo la wema. Pili, kitu hicho humlazimisha apanue fikira zake ili zikimudu.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza hisia za furaha za wanafunzi wa chuo kikuu pamoja na kiasi cha intalukini-6 mwilini mwao. Hiyo ni kemikali ambayo mwili hutumia kuamsha kinga, lakini ikikaa kwa wingi muda mrefu huhusishwa na magonjwa kama ya moyo na kisukari. Walioripoti kustaajabu mara nyingi walikuwa na kiasi kidogo cha kemikali hiyo. Watafiti hawakusema kwamba mastaajabu ndiyo yaliyoipunguza. Huenda mwenye afya njema ndiye anayepata nafasi ya kustaajabu. Hata hivyo uhusiano huo ulitosha kuwafanya wachunguze zaidi.

Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2020 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliwahusisha wazee 52 wenye umri wa kati ya miaka 60 na 90. Wote waliombwa watembee kwa dakika 15 mara moja kwa wiki, kwa wiki nane. Nusu yao waliambiwa watembee tu. Nusu nyingine waliombwa watazame njiani kwa macho mapya, kama mtoto, na wakitafuta jambo la kuwashangaza. Kila mmoja alijipiga picha kila alipotembea.

Matokeo yalikuwaje? Wale waliotafuta mastaajabu walieleza kwamba walikuwa na furaha na huruma zaidi, na mahangaiko yao ya kila siku yalipungua. Picha nazo zilisema jambo. Kadiri wiki zilivyopita, sura za wazee hao zilichukua nafasi ndogo zaidi kwenye picha na mandhari ikachukua kubwa, huku tabasamu likizidi kupanuka. Waliotembea bila kutafuta kitu hawakuonyesha badiliko hilo.

Ni watu wachache, kweli, na hakuna atakayesema kwamba kutazama mawingu kunaponya shinikizo la damu. Lakini zingatia gharama ya dawa hiyo: dakika 15, jozi ya viatu na macho.

Kijito cha Ihithe

Huenda ukasema kwamba mastaajabu hayalipi kodi. Basi tutazame maisha ya Mkenya mmoja ambaye mastaajabu ya utotoni yalimwongoza katika kazi yake yote.

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo, Desemba 10, 2004, hakumalizia hotuba yake kwa takwimu. Alisimulia juu ya kijito kilichokuwa karibu na kwao, alikotumwa na mamake kuteka maji. Huko, akicheza katikati ya majani ya nduma, aliona mayai ya vyura akadhani ni shanga. Alijaribu kuyainua kwa vidole yakawa yanakatika. Baadaye akawaona viluwiluwi wakiogelea. Kisha akaeleza kwamba kijito kile kilikuwa kimekauka, na wanawake walikuwa wakitembea mwendo mrefu kutafuta maji.

Tafakari jambo hilo. Wakati huo alikuwa profesa mwenye umri wa miaka 64. Alikuwa ameanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, shirika lililokuwa limewezesha wanawake kupanda zaidi ya miti milioni 30. Mwaka 1989 alikuwa amepinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Januari 1999 alikuwa amepigwa na kuumizwa kichwani akitetea msitu wa Karura. Baada ya yote hayo, alichokwenda nacho mbele ya walimwengu ni mayai ya vyura.

Hakuwa akikumbuka utoto kwa kujifurahisha tu. Mtu hatetei kitu ambacho hakijawahi kumshangaza. Aliyepita kando ya mto maisha yake yote bila kuuona hatajua umekauka. Leo wakazi wa Nairobi wanaotembea Karura siku za Jumapili wanavuna matunda ya msichana aliyetumwa maji akacheza na mayai ya vyura.

Penye nia pana njia

Ndugu wa mastaajabu ni tumaini. Mtoto akianguka akijifunza kutembea hasemi, "Basi, kutembea si bahati yangu." Huinuka. Sisi watu wazima ndio tunaoanguka mara mbili tukatangaza kwamba mambo yamekwisha.

Mwanasaikolojia C. R. Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alilichunguza tumaini tangu miaka ya 1980 na mwaka 1994 akachapisha kitabu kulihusu. Alisema tumaini si hisia tamu inayomjia mtu kama upepo. Lina sehemu tatu: lengo, uwezo wa kuona njia za kulifikia, na msukumo wa kuifuata njia hiyo. Mwenye njia bila msukumo hukaa tu. Mwenye msukumo bila njia huchoka bure. Msomaji wa Kiswahili atatambua kwamba wahenga walishasema hayo kwa maneno manne: penye nia pana njia.

Mfano wa nadharia hiyo tunao hapa kwetu. Mwaka 2003 serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, mzee Kimani Maruge alisikia habari hizo. Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa amevaa kaptula na soksi ndefu kama wanafunzi wenzake. Lengo lake lilikuwa wazi. Alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe na kujua kuhesabu pesa. Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaenda New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilimpokonya mali yake na akajikuta katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Hata huko aliendelea na masomo. Baadaye alihamia Nairobi na kujiunga na shule nyingine. Alifariki Agosti 2009 kutokana na saratani ya tumbo, bila kumaliza darasa la nane.

Je, alishindwa? La hasha. Tumaini halikumpa Maruge cheti. Lilimpa asubuhi zenye sababu ya kuamka.

Afya nayo haikuachwa nyuma. Mwaka 2019, watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia zaidi ya wanawake 69,000 kwa miaka 10 na wanaume zaidi ya 1,400 kwa miaka 30. Waliokuwa na matarajio mema zaidi juu ya siku za usoni waliishi, kwa wastani, muda mrefu zaidi kwa asilimia 11 hadi 15 kuliko waliokuwa na matarajio madogo zaidi. Hapa pia hatuwezi kusema tumaini peke yake ndilo lililorefusha maisha. Lakini ni jambo la kawaida kwamba anayeitarajia kesho humeza dawa zake, hurudi kliniki siku aliyoambiwa na hufikiria mara mbili kabla ya kuwasha sigara. Aliyekata tamaa haoni faida ya kujitunza.

Tumaini la kuuzwa

Hapa inafaa tutahadhari. Si kila kinachoitwa tumaini ni tumaini. Jijini kuna wafanyabiashara wa tumaini: wa kamari za simu wanaokuahidi utajiri kabla ya mechi kumalizika, wa miradi ya kupanda shilingi ukavuna maelfu, na wa dawa za kuponya kila maradhi kuanzia kisukari hadi saratani. Wote hao hukupa lengo na kukusisimua, lakini njia wanayokuonyesha haiko mikononi mwako. Ukitumia kipimo cha Snyder, hilo si tumaini bali ni kungojea.

Kipimo rahisi ni hiki. Jiulize: tumaini langu linanitaka nifanye nini leo? Kama jibu ni "hakuna, nisubiri tu" au "nitume pesa nyingine", simama hapo. Na ikiwa tumaini hilo linakuambia uache dawa ulizopewa hospitalini, likimbie.

Vivyo hivyo tutofautishe kuwa na moyo wa mtoto na kuwa na tabia za kitoto. Tabia za kitoto ni kununa, kukwepa wajibu na kutaka kila kitu sasa hivi. Moyo wa mtoto ni kuuliza bila haya, kucheza bila kuhesabu faida na kuinuka baada ya kuanguka. Mtu aweza kuwa baba wa watoto watano, mlipaji kodi na shemasi kanisani, na bado akainama chini ya mwembe kutazama siafu wakivuka njia.

Ukiona haya, muone daktari

Kuna hali ambayo ushauri wa kutazama mwezi hautafaa. Mtu akipoteza raha ya mambo yote aliyokuwa akiyapenda, akawa na huzuni au utupu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, akakosa usingizi au akalala kupita kiasi, hamu ya chakula ikabadilika, akajiona hana thamani au akaanza kufikiria kwamba afadhali afe, huo si uzembe wala si kukosa imani. Huenda ni ugonjwa wa mfadhaiko wa akili, na unatibika.

Ugonjwa huo huziba uwezo wenyewe wa kustaajabu na kutumaini, kama vile mafua yanavyoziba pua isisikie harufu. Kumwambia mgonjwa "changamka" ni sawa na kumwambia mwenye mguu uliovunjika akimbie. Mpeleke katika hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, amuone daktari au mshauri nasaha. Mwenye mawazo ya kujiua asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitalini mara moja.

Ufanye nini?

Kwa asiye mgonjwa bali amezoea tu, yapo mambo madogo awezayo kuanza nayo wiki hii.

Kwanza, chagua siku moja ya kutembea kwa dakika 15 simu ikiwa mfukoni. Ukiwa Nairobi, nenda Arboretum, City Park au hata barabara ya mtaani kwenu. Ukiwa Mombasa, ufuo haukudai chochote jua linapochomoza. Ukiwa Kisumu, ziwa liko pale pale. Tafuta jambo moja ambalo hukuwahi kuligundua.

Pili, badilisha njia au wakati. Shuka kituo kimoja kabla ya chako. Ubongo uliozoea hauamki mpaka ubashiri wake ukosee.

Tatu, rudisha michezo. Uliwahi kucheza kati, bano, brikicho na kalongo. Ulitengeneza gari la waya kwa mikono yako. Huhitaji kurudi kujificha nyuma ya tangi la maji, ila kuna bao, kuna densi, kuna kupiga gitaa vibaya na kulima mboga kwenye mkebe. Fanya jambo moja ambalo hakuna atakayekulipa wala kukupigia makofi.

Nne, tega vitendawili na usimulie hadithi nyumbani. Wazee wetu hawakuketi na watoto jioni kwa sababu hawakuwa na kazi. Sungura na Fisi waliwaburudisha wakubwa pia, baada ya kutwa nzima shambani.

Tano, liandike tumaini lako kwa mtindo wa Snyder: lengo moja, njia mbili za kulifikia, na hatua moja ya kesho asubuhi. Njia ziwe mbili, kwa sababu ya kwanza aghalabu huzibwa.

Sita, na hili ni muhimu kwa wazazi, usimkemee mtoto anayeuliza. Mwandishi na mwanabiolojia wa Marekani, Rachel Carson, alimtembeza mtoto mdogo wa jamaa yake ufuoni na msituni huko Maine bila kujaribu kumfundisha lolote. Alishangaa pamoja naye tu, kisha mwaka 1956 akaandika makala kuwashauri wazazi wafanye vivyo hivyo. Kitabu kilichotokana na makala hiyo kilitolewa mwaka 1965, baada ya kifo chake. Mtoto akikuuliza kwa nini mwezi unamfuata nawe hujui jibu, mwambie, "Sijui, hebu tutazame." Maneno hayo yatamfaa yeye, na wewe pia.

Maisha ni magumu, na mwandishi asiyekubali hilo hajalipa kodi Nairobi. Hata hivyo ugumu wa maisha haukutuagiza tuwe vipofu. Usiku wa leo, kabla hujafunga mlango, toka nje kidogo uinue macho. Kama kuna mawingu, jaribu tena kesho.